Amina ya Jikoni

Wacuka akitoka shuleni hakungoja kuambiwa kazi zake. Alifungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akaloweka mchele, akapanga viatu vya kazi vya mama yake karibu na mlango. Waliishi wawili tu kwenye ghorofa ya pili huko Grand Prairie, mji ulio karibu na Dallas, mahali ambapo bila gari huwezi kwenda hata kununua chumvi. Mama yake aliwauguza wazee wasiojiweza, na mara nyingi alirudi nyumbani miguu imevimba.

Jioni ikifika, simu iliegemezwa kwenye mkebe wa sukari na laini ya maombi ikafunguliwa. Wakenya wa Dallas na Houston walipiga namba moja, kila mtu akiwa popote alipo: huyu jikoni, yule barabarani, mwingine ndani ya gari akingoja zamu ianze. Maiki zilifungwa ili kelele za watoto na sufuria zisiingie. Kiongozi alipopaza sauti, kila mtu alifungua maiki upesi, akasema "Amina!" ili ajulikane bado yupo, akaifunga na kurudi kwenye shughuli zake.

Kiongozi alikuwa Mama Sheldon wa mji wa Katy, karibu na Houston, mwanamke wa sauti kali kama kengele ya shule. Yeye ndiye aliyempa Wacuka kazi ya kusoma Zaburi ya tisini na moja.

"Yuko wapi binti yetu wa Zaburi?" aliita jioni hiyo.

"Niko hapa, Auntie." Wacuka alivuta inhela yake ya pumu kwanza, kisha akasema kwa moyo, bila kuangalia kitabu: "Kwa kuwa atakuagizia malaika zake wakulinde katika njia zako zote. Mikononi mwao watakuchukua, usije ukajikwaa mguu wako katika jiwe."

"Amina!" ziliitikia sauti kutoka kila upande.

Waliombea wagonjwa. Waliyemtaja kwanza alikuwa Cucu, nyanya yake Wacuka kule Ol Kalou, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka na sasa alisafishwa damu kwa mashine. Cucu ndiye aliyemlea Wacuka tangu akiwa mchanga hadi alipopanda ndege. Sweta ya kijani aliyomfumia, ingawa mikono yake ilikuwa imeshakuwa mifupi kwake, bado aliilalia kama mto.

"Ndugu zangu," Mama Sheldon akasema, "mnataka muujiza lakini mnabeba spea! Dereva anayebeba tairi la spea ni kwa sababu anategemea pancha. Na wewe unayetembea na dawa mfukoni, unategemea nini? Imani ya kweli haibebi spea! Itupe spea, uone Mungu akitenda! Nani anasema Amina?"

Mama yake Wacuka alikuwa anageuza chapati. Mkono mmoja uko kwenye mwiko, mwingine ukabonyeza simu. "Amina!" alisema, akaifunga maiki. "Wacuka, nipitishie hiyo sahani kabla hii haijaungua."

Wacuka alimpitishia sahani. Lakini maneno yale yalikuwa yamemwingia kama mwiba. Mama ni mtu wa hospitali, anajua dawa, na amesema Amina. Basi ni kweli. Labda Cucu haponi kwa sababu hapa Grand Prairie kuna mtu anatembea na spea mfukoni.

Aliichukua inhela, akaitia kwenye mfuko wa jaketi la baridi, akalitundika jaketi nyuma kabisa ya kabati. "Mungu," alinong'ona, "mimi naacha hii. Wewe mponye Cucu."

Ilikuwa majira ya kuchipua, na mialoni ilikuwa imemwaga chavua yake, vumbi la njano linalobana kifua, juu ya kila gari. Siku za kwanza Wacuka alijikaza. Kifua kilipobana alienda kukohoa chooni, maji yakitiririka ili Mama asisikie. Mama akimuuliza, "Umetumia dawa yako?" alijibu, "Ndiyo, Mami," na uongo huo ulimuuma kuliko kifua.

Shuleni, Kigen, kijana ambaye kwao ni Eldoret na aliyesoma naye darasa moja, alimsikia akihema kwenye ngazi. "Weh! Umemeza filimbi ama ni birika linachemka?"

"Niache."

"Vuta ile kitu yako basi."

"Siihitaji. Malaika watanichukua."

"Wakuchukue wakupeleke wapi?" Kigen akacheka. Kisha akamwangalia usoni, akaacha kucheka. "Wacuka, midomo yako haiko sawa. Nitamwambia mwalimu."

"Ukisema, hatutaongea tena maishani."

Kigen hakumwambia mwalimu. Akaja kujuta.

Siku iliyofuata walikimbia uwanjani, upepo ukivuma. Wacuka hakumaliza mzunguko mmoja. Alipiga magoti, akafungua mdomo kama samaki aliyetupwa mchangani, na hewa ikakataa kuingia. Muuguzi wa shule aliumwaga mkoba wote wa Wacuka juu ya nyasi akitafuta inhela. Vilitoka vitabu, kalamu na kitana. Inhela haikuwamo. Gari la wagonjwa lilipofika, Kigen alikuwa analia waziwazi, hata hakujali nani anamwona.

Mama yake alifika hospitalini na sare ya kazi, kiatu kimoja hakijafungwa. Alimkuta mtoto amefungwa barakoa ya hewa, kifua kikipanda na kushuka kama cha kifaranga. Alingoja mpaka Wacuka alipoweza kusema.

"Inhela iko wapi?"

"Kwa jaketi. Kwa kabati."

"Nani alikuambia uiweke huko?"

"Mama Sheldon alisema tutupe spea. Nilitaka Cucu apone." Machozi yaliteremka chini ya barakoa. "Na wewe, Mami, si ulisema Amina?"

Mama alijaribu kuikumbuka jioni ile. Hakukumbuka spea yoyote. Alikumbuka chapati tu.

Wacuka akiwa bado kitandani pale, simu ilitoka Ol Kalou. Cucu alikuwa amefariki.

Hawakwenda kuzika. Makaratasi ya uhamiaji ya Mama yalikuwa hayajakamilika; akitoka hangeruhusiwa kurudi. Walirudi nyumbani wakaitazama video ya mazishi kwenye simu iliyoegemea mkebe ule ule wa sukari. Udongo ulipoanza kuangukia jeneza, video ilikwama, ikaendelea kaburi limeshajaa.

Mama Sheldon, aliyekuwa ameshasikia habari ya inhela, alipiga kutoa pole. Mama aliweka spika kwa kuwa mikono ilikuwa na unga. "Pole sana, mpendwa. Lakini tujiulize pia. Mtoto alikuwa ameanza vizuri. Labda aliingiza shaka alipokubali zile dawa za hospitali..."

Mama aliikata simu, mikono ikiwa na unga vilevile. Lakini Wacuka alikuwa amesikia. Aliingia chumbani, akaisukuma Biblia chini ya kitanda kwa mguu.

"Mimi ndiye nimemuua Cucu," Wacuka alimwambia Mama alipomfuata. "Ningevumilia kidogo tu. Sitaki kusoma tena. Maneno hayo ni ya uongo."

Mama alipiga magoti, akaitoa Biblia, akaipangusa vumbi kwa khanga. "Soma hapa. Mathayo, sura ya nne. Yesu yuko juu ya hekalu, anaambiwa ajitupe chini. Anaambiwa malaika watamchukua mikononi mwao. Ni maneno ya wapi hayo?"

Wacuka alisoma taratibu. "Ni ya Zaburi yangu."

"Na anayeyasema ni nani?"

Mtoto alisoma mstari ule tena. "Ni Ibilisi."

"Anasoma Biblia vizuri, siyo? Bila kukosea. Na Yesu alimjibu nini?"

"Usimjaribu Bwana Mungu wako."

"Basi. Yesu hakujitupa. Je, alikosa imani?" Mama alimvuta karibu. "Cucu aliuawa na figo. Mungu hakukudai pumzi yako. Hata Cucu angejua, angekuchapa kwanza ndipo alie. Na mimi niliitikia neno ambalo sikulisikia. Hilo ni langu, si lako."

Alifungua Zaburi ya thelathini na nne, akaweka kidole. Wacuka alisoma: "Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo." Hapo hapakuwa na ahadi kwamba Cucu angeamka. Hapakuwa na sharti pia. Aliisoma mara nyingi, kichwa kwenye sweta ya kijani, na kwa mara ya kwanza tangu hospitalini alilia bila kujilaumu.

Jioni waliporudi kwenye laini ya maombi, Wacuka alisoma mstari huo. Kabla hajaanza, laini nzima, kutoka Cedar Hill hadi Katy, ilisikia inhela ikipuliza, *fyuu*, na mtoto akivuta pumzi.

"Ni nini hicho?" Mama Sheldon akauliza.

"Ni dawa yangu, Auntie," alisema Wacuka, akasoma.

"Haya, nani anasema Amina?"

Mama alizima jiko. Alikuja akakaa kando ya mwanawe, akafungua maiki.

"Mimi nasema Amina, Mama Sheldon. Mstari huu nimeusikia mwenyewe, neno kwa neno. Yale ya spea niliyaitikia nikigeuza chapati, na mwanangu nusura azikwe pamoja na mamangu. Watoto mnaosikiliza, mtu mzima akikwambia Mungu anataka uache dawa yako, kimbia ukamwambie mzazi, hata kama ulimsikia mzazi huyo akisema Amina. Neno la Mungu ni la kumshika mtu anapoanguka. Si la kumsukuma aanguke."

Kisha maiki moja ikafunguliwa, na nyingine, na nyingine. Hakuna aliyesema Amina. Zilisikika sauti za majiko yakizimwa, na viti vikivutwa ili watu wakae wasikilize.