Uji wa Bazilio

Kila asubuhi, wakati wa likizo ya mwezi wa sita, Irakoze alifagia uwanja, akachota maji bombani, kisha akampokea mdogo wake kutoka mgongoni kwa mama. Mama yao, Rosa, alikuwa anavuna maharage kwenye shamba lao nje kidogo ya mji wa Kibondo. Alirudi nyumbani mara kadhaa kwa siku ili kumnyonyesha mtoto. Baba alikuwa kwenye kazi ya ujenzi Kasulu na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi.

Mdogo wake huyo aliitwa Bazilio, naye alikuwa na miezi mitatu. Alikuwa mnene na mwepesi wa kucheka, ila kila aliposhiba, maziwa yalimrudi mdomoni na kumtiririka hadi shingoni. Ukimlaza mara tu baada ya kunyonya, alipinda mgongo na kulia kwa uchungu. Irakoze, msichana wa miaka kumi na miwili, alishinda na gauni linalonuka maziwa yaliyochacha.

Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi Kudra, rafiki yake wa darasani. Kwao kulikuwa na televisheni, na saa nane mchana wasichana walikusanyika kutazama tamthilia. Irakoze hakuweza kwenda na mtoto anayelia. Siku moja alikoroga uji mwepesi wa muhogo, akamlisha Bazilio vijiko vinne. Mtoto alilala fofofo. Irakoze alifunga mlango akaenda kwa Kudra.

Kesho yake akafanya hivyo tena, na keshokutwa pia.

Wiki ya pili ilipoanza, Bazilio hakuwa anacheua tena, alikuwa anatapika. Akaanza kuharisha. Mashavu yakapungua.

"Irakoze, unampa nini mtoto nikiwa shambani?" mama aliuliza.

"Simpi kitu, mama. Ni maziwa yako tu."

Mama aliamini. Siku ya Ijumaa alikuja shangazi Mpawenimana, dada yake baba. Alimfungua mtoto mdomo, akapitisha kidole kwenye fizi.

"Wifi, haya ni meno ya plastiki, yale meno mabaya ya watoto wachanga," alisema. "Ndiyo yanayomtapisha. Ukichelewa utamzika. Mzee Kipriani, yule mganga, anayatoa, twende kesho."

Irakoze alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Alijua kilichokuwa kinamtapisha Bazilio. Alitaka kusema, lakini alipomtazama mama, akaogopa. Akaenda kuosha vyombo.

Jumamosi asubuhi walikuwa kwa Kipriani. Mama alishika kichwa cha mtoto, Irakoze akaambiwa ashike miguu. Mzee alichukua njiti ya baiskeli iliyochongwa ncha, akachokonoa fizi ya chini. Bazilio alilia hadi sauti ikakauka. Damu ilichuruzika kwenye kanga ya mama. Kipriani akaonyesha vitu viwili vidogo vyeupe kiganjani, akasema, "Haya hapa. Sasa atapona."

Hakupona. Jumatatu mdomo ulikuwa umevimba, mwili unachoma kwa homa, na hakuweza kushika ziwa. Kilichomtisha Irakoze zaidi ni kwamba mtoto hakulia. Mama alimfunga kifuani, akapanda bodaboda pamoja na Irakoze, wakakimbilia hospitali.

Muuguzi Firdausi ndiye aliyewapokea. Mtoto alitundikiwa dripu na kuchomwa sindano za dawa. Baadaye Firdausi alifungua kadi ya kliniki, akaitazama kwa muda.

"Mwezi jana uzito wake ulikuwa mzuri kabisa," alisema. "Anakula nini zaidi ya maziwa yako?"

"Hakuna, nesi."

"Mama, nisaidie. Nikijua alichokula nitajua pa kuanzia."

"Ni uji," Irakoze alisema. "Nilimpa uji wa muhogo ili alale, nikaenda kutazama televisheni. Karibu wiki mbili."

Mama hakumpiga. Alikaa kwenye benchi.

"Nilikuuliza, Irakoze. Halafu ukaja ukamshika miguu."

"Nisamehe, mama."

"Na mimi nilimshika kichwa," mama alisema, akaanza kulia.

Walikaa wodini siku tisa. Siku ya tatu mtoto wa kitanda cha pili alifariki, na mama yake alitoka amekumbatia kanga tupu. Irakoze hakula kitu siku hiyo. Siku ya tano homa ya Bazilio ilishuka, akaanza kunyonya kidogo kidogo.

Firdausi aliwakalisha wote wawili. "Alichotoa yule mzee si plastiki. Ni meno yake halisi, machanga, yaliyokuwa bado ndani ya fizi. Huenda yasiote tena. Na kucheua kule kwa mwanzo hakukuwa ugonjwa mkubwa. Juu ya tumbo pana mlango unaozuia chakula kisirudi. Kwa mtoto mchanga mlango huo bado ni mlegevu, kwa hiyo maziwa yanapanda na tindikali ya tumboni. Inamchoma kama kiungulia kinavyotuchoma sisi, ila yeye hawezi kusema."

"Tufanye nini, nesi?" mama aliuliza.

"Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Akimaliza, mweke begani abeue, kisha mshike wima kama nusu saa. Usimrushe rushe wala kumbana tumbo. Akilala, mlaze chali. Uji usubiri hadi afikishe miezi sita. Wengi huacha kucheua wakikaribia mwaka. Lakini akitapika kijani au damu, akigoma kunyonya, akipungua uzito, akipata homa au akihema kwa shida, mlete hapa siku hiyo hiyo."

Wakarudi nyumbani. Mama alianza kwenda shambani na Bazilio, na shule ilipofunguliwa Irakoze alimshika jioni, wima begani, akihesabu dakika kwenye saa ya simu. Gauni liliendelea kunuka maziwa. Kwa Kudra hakwenda tena hadi mwezi wa nane.

Shangazi alipokuja kumwona mtoto, Irakoze mwenyewe ndiye aliyemweleza kila kitu, hata ule uji. Shangazi aliinamisha kichwa, kisha akaaga.

Alipoondoka, mama alimwita Irakoze jikoni.

"Siku ile ungesema kweli, ningekugombeza mpaka jioni, halafu ingeisha," alisema. "Uliogopa hasira yangu, mtoto akaumizwa. Bazilio hana maneno. Wewe na mimi ndio tunaomsemea. Kwa hiyo ukikosea, njoo uniambie hata kama natisha. Na mimi, kabla ya kumpeleka popote, nitauliza hospitali kwanza."

"Nimesikia, mama."

"Haya, mchukue. Amemaliza kunyonya."

Irakoze alimpokea, akamweka begani, akasubiri abeue.