Msikilizaji Aliyegawa Vijiji

Kitendawili!

Mguu mmoja kwenu, mguu mmoja kwetu, na mwenyewe hana kwao.

Haya, ni nani huyo? Usikimbilie kujibu. Wenye haraka wote wamekosa. Hata Sabra wa Mwembesongo, binti anayewatega watu vitendawili kila Alhamisi, hiki kilimkaa kooni miezi saba kama mwiba wa perege. Basi jibu lako lishike kinywani, tuingie ndani polepole, maana Diana ameshika simu na ujumbe ndio unaingia.

— Kaandika tena! — Diana alipiga paja. — Yule bwana wako wa kugawa vijiji.

— Si bwana wangu. Soma.

— "Nimeshindwa. Chukua mji: Nyandira."

— Kitendawili cha leo si kilikuwa "nyumba yangu haina mlango"?

— Ndicho hicho.

— Yai! — Sabra alicheka mpaka akaegemea ukuta. — Mtu mzima anashindwa yai?

— Wiki ile kashindwa nanasi, akatupa Langali. Huyu, shoga yangu, akili kaazima na mwenyewe kaja kuichukua.

Wawili hao walikuwa na podikasti yao, wameiita Nani Kakutuma. Jina walilitoa mtaani. Si unajua mtu akijitolea kuzibua mtaro wa watu wote, akawafundisha wamama kusoma bila kulipwa, jirani atapita na kumtupia neno: nani kakutuma? Sabra aliwatafuta watu wa namna hiyo, akawakalisha mbele ya maiki, wakasimulia. Kipindi kilifunguliwa kwa kitendawili na kufungwa kwa swali lile lile: nani kakutuma? Diana, msichana wa Kisukuma aliyekuja Morogoro kusoma akanogewa na mji, ndiye aliyerekodi na kukatakata sauti.

Msikilizaji aliyeshindwa kitendawili alitoa mji, kama ilivyo desturi. Wengi walitoa Dodoma, Zanzibar, mmoja alitoa Dubai. Huyu mmoja, namba ngeni isiyo na jina wala picha, alitoa vijiji tu.

— Sabra, hebu njoo. — Diana alikuwa amefungua ramani kwenye simu. — Alianza na Mlali. Halafu Langali. Katikati pale vitongoji viwili ambavyo hata ramani haivijui. Sasa Nyandira. Huyu hagawi ovyo.

— Anafanya nini?

— Anapanda mlima.

Kicheko cha Sabra kikakatika kama uzi. Huko juu alimjua mtu mmoja tu.

Miezi saba nyuma, masika yakiwa yamepamba moto, Sufiani alimpigia simu Ijumaa mchana. Sufiani wa Kisambwa, mkulima wa karoti na njegere, mwenyekiti wa kamati ya madaraja ya miguu kijijini kwao. Alikuwa mgeni wa kwanza kabisa wa podikasti. Sabra alimsifu siku ile mpaka wasikilizaji wakaandika: "Dada, huyo unamhoji au unamchumbia?" Haikupita miezi mingi wakawa wamepata jibu lao.

— Sabra, kitendawili.

— Tega, uaibike.

— Mguu mmoja kwenu, mguu mmoja kwetu, na mwenyewe hana kwao.

— Daraja! Mwenyekiti wa madaraja atatega nini kingine?

— Umekosa. Nipe mji.

— Sabra hajazaliwa wa kumpa mtu mji.

— Basi jibu nitalileta kesho, pamoja na barua.

Kesho yake Bi Halima, mama yake Sabra, aliinjika pilau. Mjomba Abeid alifika na kofia mpya. Shangazi walivaa sare. Saa nne, saa sita, adhuhuri, alasiri. Pilau likapoa, likapashwa, likapoa tena. Hakuna mshenga, hakuna barua, na simu ya Sufiani haipatikani. Jumatatu ndipo alipopiga, kwa simu ya kuazima.

— Sabra, nisamehe.

— Jumamosi ulikuwa wapi?

Sufiani akaanza kumuulizia mama hali.

— Nimekuuliza swali moja tu. Ulikuwa wapi?

— Nikikujibu leo utabeba mzigo usio wako.

— Una mwanamke mwingine.

— Wallahi sina.

— Basi ulikuwa wapi?

Akaomba msamaha tena. Sabra alikata simu, akazifungia namba zote mbili, akalia siku tatu. Bi Halima hakulia. Yeye alisema:

— Sisi Waluguru nyumba ni ya mwanamke, mwanamume ndiye anayehamia. Nimepaka chokaa chumba cha uani kwa ajili ya mtu ambaye hata kuja kusema "siji" kumemshinda!

Chumba kile kikabaki kitupu. Sabra akatundika magodoro ukutani yameze mwangwi na kelele za fundi wa kuchomelea mageti jirani, akakigeuza studio. Kila Alhamisi alikaa humo, mle mle alimotakiwa kukaa na mume, akiwauliza watu wengine maswali.

Sasa rudi kwa Diana na ramani yake. Alhamisi iliyofuata Sabra alitega kitendawili chepesi makusudi, cha kivuli: kila niendapo ananifuata. Hakumaliza hata kunywa chai, ujumbe ukaingia.

"Nimeshindwa. Chukua mji: Kisambwa. Ndio wa mwisho."

— Kisambwa si kwa yule... — Diana alianza.

— Nyamaza kwanza.

Hakuuliza wewe ni nani. Aliandika maneno mawili tu: "Ulikuwa wapi?"

Tiki mbili zikawa buluu. Wakakaa wanaitazama simu kama chungu kinachokaribia kuchemka. Baadaye ikalia.

"Njoo Jumamosi. Njoo na kinasa sauti."

— Usiende, — alisema Diana.

— Siendi.

— Muongo. Mguu wako mmoja umeshafika.

Jumamosi alipanda bodaboda mpaka ilipogomea njia, akashuka, akatembea na begi la maiki mgongoni. Ukungu ulikuwa unainuka taratibu kwenye matuta ya kabichi. Alisikia nyundo kabla hajaona kitu. Chini bondeni mto ulikuwa unanguruma, na juu yake watu kama ishirini, wake kwa waume, walikuwa wanapigilia mbao za mwisho za daraja jipya. Kando, juu ya jiwe, mama mmoja wa makamo alikuwa anamenya njegere, fimbo imelala pembeni.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Wewe ndiye Sabra wa redio.

— Podikasti, mama.

— Redio ya ndani ya simu, ndiyo hiyo hiyo. Kaa hapa. Naitwa Mwaisha. Mimi ndiye niliyekuharibia posa.

Sabra alikaa, begi bado mgongoni.

— Umeniharibia vipi, mama?

— Nilikuwa napeleka tenga la njegere gulioni. Wao wanakuja nyuma yangu, Sufiani na mshenga wake Yunusi, kanzu nyeupe kama tui. Nikasema piteni, wanangu, mna safari ya heri. Sufiani akasema hapana, mama, tangulia wewe. Nikatangulia. Katikati ya daraja la zamani miti ikakatika, nikaenda na tenga langu.

— Maskini!

— Akarukia mtoni vile vile alivyo, na kanzu, na simu, na barua yako kifuani. Mguu huu ulivunjika mara mbili. Kanzu aliichana wakanifungia, wakanibeba kwa machela mpaka barabarani. Njia nzima anarudia neno moja: Jumamosi, Jumamosi. Mimi nikadhani anawaza harusi.

— Sasa si angenieleza tu! Nani angemlaumu?

— Hilo, — Mwaisha alinyoosha kidole, — muulize huyo anayekuja.

Sufiani alisimama hatua tano mbali, nyundo mkononi, matope mpaka magotini. Amekonda. Sabra alitoa maiki, akawasha, akajitia sauti ya kazini.

— Jitambulishe kwa wasikilizaji.

— Naitwa Sufiani. Mimi ni... nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya madaraja. Nilijiuzulu. Siku hizi napigilia misumari tu.

— Jumamosi ile ulikuwa wapi?

— Mtoni. Mama Mwaisha ameshakwambia. Lakini hilo ni jibu dogo.

— Kubwa lipi?

Sufiani alitazama maji.

— Hapa kwetu Jumamosi ndiyo siku ya kujitolea. Mwenyekiti akipiga filimbi, watu wanatoka na mapanga. Miti ya lile daraja nilijua imeoza. Jumamosi kumi na moja kabla ya ile, sikupiga filimbi. Kumi na moja, Sabra. Uliza nilikuwa wapi.

Hakuwa na haja ya kuuliza. Jumamosi zile alizijua moja moja: mahindi ya kuchoma, vicheko, mwavuli mmoja wa watu wawili. Na kuna sentensi moja ilimrudia masikioni, tena kwa sauti yake mwenyewe. Kila Sufiani alipoinuka kwenda kuwahi kazi ya daraja, yeye alimshika mkono: "Kaa kidogo bwana, daraja lina miguu? Litakimbia?"

Likakimbia kweli, na mguu wa mtu.

— Nilikwambia ukae, — alisema, na sauti ya kazini ikamtoka yote.

— Unaona? Ndiyo maana sikujibu. Filimbi ilikuwa shingoni mwangu, haikuwa shingoni mwako. Na wewe ulikuwa umenisifu mbele ya watu, kiongozi wa mfano, kiongozi wa mfano. Ningekuja na barua nikiwa na uso gani? Nikaapa sileti posa mpaka kila daraja bovu la njia hii, toka Mlali mpaka hapa, nimeligusa. Na Yunusi nikamfunga mdomo kwa kiapo.

— Ukaniacha miezi saba nikidhani una mwanamke! Ungenipa nusu yangu nibebe, Sufiani. Mtu haachiwi gizani eti anahurumiwa.

— Hapo nilikosea.

— Tena ulikosea sana.

— Sana.

— Nyie! — Mwaisha aliita toka kwenye jiwe. — Mguu ni wangu na mimi sijamshitaki mtu! Gombaneni upesi, ugali unapoa!

Sabra alicheka na machozi yakiwa bado yanashuka.

— Na vijiji je?

— Kila daraja lilipovukika sikuwa na zawadi nyingine. Nikakupa kijiji chake.

— Hata yai ulishindwa?

— Yai nilijua. Nanasi nilijua. Ila ningejibu, ningekupa nini?

Sabra akasogeza maiki karibu, akauliza lile swali la kufungia kipindi.

— Nani kakutuma?

Wengi hujibu Mungu, au wazazi, au moyo tu. Sufiani aligeuka, akamtazama yule mama na fimbo yake.

— Mguu wa mama Mwaisha.

Sabra akazima kinasa sauti.

— Na kile kitendawili chako?

— Nipe mji, nikwambie.

— Sabra hajazaliwa wa... — Akaishia hapo, akafunga begi, akaenda kula ugali.

Kipindi kiliruka hewani Alhamisi. Diana alitaka kukata pale Sabra anaposema "nilikwambia ukae". Sabra akakataa.

— Usikate hata pumzi.

Yunusi alikuja kubisha hodi Jumapili, kwa sababu Jumamosi ilikuwa ya madaraja. Bi Halima aliipokea barua kwa ncha za vidole, akaigeuza huku na huku. Karatasi imejikunja, wino umevimba kama mtu aliyelia.

— Hii barua ilifuliwa?

— Iliogelea, mama, — alisema Yunusi. — Nilimwambia tuandike nyingine, akasema hii ndiyo inayoijua njia.

Mjomba Abeid alikohoa, akavua miwani.

— Mara ya kwanza tulikula pilau wenyewe. Safari hii sisemi kitu mpaka mwenyewe aseme. Sabra! Barua tuipokee, au tuirudishe ikaogelee tena?

Sabra alisimama mlangoni, kanga imemfunika mabega. Shangazi wakatazamana. Diana akabaki na sambusa mdomoni, hatafuni.

— Mjomba, naomba niseme naye kwanza kwa simu ya Yunusi.

Yunusi akapiga, akaweka sauti kubwa.

— Sufiani, unanisikia?

— Nakusikia. Nipo katikati ya daraja, mtandao hushika hapa tu.

— Jumamosi zako utazifanyaje ukihamia mjini?

— Jumamosi nitapanda mlima. Hilo siwezi kukudanganya.

— Tutapanda wote. Filimbi nitapiga mimi. Sufiani, kitendawili chako kimenishinda.

— Makubwa! — Diana akameza sambusa nzima.

— Basi nipe mji, — ilisema simu.

— Chukua hapa kwetu. Chumba cha uani. Magodoro nimeshayashusha ukutani.



— Nimeuchukua, — Sufiani alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa kuliko barua.

— Sasa nijibu, na mama asikie, na mjomba asikie. Mguu mmoja kwenu, mguu mmoja kwetu, na mwenyewe hana kwao. Ni nani?

— Mume.