Chumba cha Keza

Zege lilikauka nyumba nzima isipokuwa mahali pamoja. Lilimwagwa wiki ya pili ya Desemba 2018, siku ya jua, na jioni baridi ikaingia ghafla kama ilivyo desturi ya Texas, ambako mchana mtu anavua koti na saa kumi na moja analitafuta. Mafundi walilifunika kwa mablanketi mazito lisigande. Walipoyafunua siku ya nne, sakafu yote ilikuwa imepauka na kuwa ngumu, ila katika chumba cha tatu lilibaki doa jeusi lenye majimaji. Urefu wake ulitosha mkeka wa mtoto wa miaka mitatu.

"Ni baridi tu, Mama Keza," alisema Onyancha, mjenzi Mkenya kutoka Missouri City, aliyekwisha kuwajengea Waafrika wengi huko Houston na sasa amepanda hadi Grand Prairie kwa kazi hii moja. "Slab hukuwanga hivyo winter. Nipe one week."

Sabine alikuwa ameinama, ananusa. Udongo wa Grand Prairie ni mweusi, unanata kwenye viatu, na harufu yake alikwisha kuizoea. Hii ilikuwa harufu ya udongo mwekundu uliofukuliwa sasa hivi.

Nyumba hiyo ndiyo ilikuwa fahari yao. Nazaire, mumewe, alikuwa amebeba maboksi ghalani miaka kumi na moja, na Sabine muda huohuo alikuwa akiwaogesha wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee. Hawakutaka nyumba ambayo mtu mwingine ameishi. Miezi minane walikaa na ramani kwenye meza ya jikoni, wakichora na kufuta, Nazaire akidai sebule ya kuingia parokia nzima ya Warundi na padri wao. Ukiwahi kuishi kwenye kibanda cha udongo katika kambi ya wakimbizi huko Kasulu, ukipewa karatasi na penseli huna kiasi. Binti yao Keza, mwenye miaka kumi na mitano, aliomba vitu viwili tu kwa chumba chake, kile cha tatu: dirisha la upande wa jua linapochomoza, na sakafu ya vigae. "No carpet, Mom. I'm serious."

Wiki ya Onyancha ilipita, ikapita na nyingine. Alileta hita kubwa ya gesi akaielekeza kwenye doa. Lilikauka hita ikiwa inalitazama, na ilipogeuzwa tu, likalowa tena. Mbao zikasimama, paa likaezekwa, kuta za jipsamu zikafungwa, na harufu ile ikawa inakaa ndani.

Mwisho wa Januari, siku ya upepo mkali wa kaskazini, Sabine alipitia pale jioni akitoka kazini, sare ya kazi bado mwilini, akiwa na Keza aliyetaka kupima mahali pa kitanda. Mafundi walikwisha kuondoka. Walipofika kwenye ujia wakasikia kutoka chumba cha tatu: pa, pa, pa. Kilikuwa kiganja kinachopiga tope na kulisawazisha, kinatulia kidogo kama kinachota maji, kisha kinaanza tena, pa, pa, taratibu, kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kusikiwa na jirani. Sabine aliyajua mapigo yale. Yalikuwa ya mikono yake mwenyewe.

"So you hear her too," Keza alinong'ona.

"Nani?"

"Yule mtoto. Anakaa kwenye closet yangu. Ananiita Alida. Nikamwambia, wrong person, mimi naitwa Keza. Akacheka."

Sabine alimpiga kofi la mdomo kabla hajajua mkono wake umenyanyuka. Kisha akamvuta hadi garini.

Huyu mama tusimwonee huruma mapema. Mwaka 2007, kambini, zikiwa zimebaki wiki tatu kupanda ndege, mwanawe wa pekee, Keza, alikufa kwa homa akiwa na miaka mitatu. Faili lao la kuhamia Marekani lilikuwa limekwisha kufungwa likiwa na watu watatu, na kila mtu kambini alijua kwamba ukigusa faili, hata kwa kifo, linarudi chini ya rundo na wewe unarudi nalo. Basi Nazaire alichimba ndani ya nyumba, palepale mtoto alipokuwa akilala, na Sabine akamfukia bila padri na bila dua, ameuma kanga asilie, maana kilio kingeleta majirani, halafu akakandika sakafu kwa viganja vyake mpaka ikawa laini na hakuna ambaye angejua. Jirani mmoja tu alijua. Huyo ni Scholastique, aliyekuwa na binti wa umri uleule, Alida. Akawapa binti huyo, kwa ahadi kwamba wakifika watamwita na yeye. Alida akapanda ndege akiwa Keza. Mwaka wa pili Sabine alibadilisha namba ya simu, na Scholastique hakusikia tena sauti ya mwanawe.

Usiniulize kama binti aliwahi kuambiwa. Hakuambiwa.

"Tumwambie, Baba Keza," Sabine alisema. Walikuwa bafuni, kwenye nyumba waliyopanga, bomba wamelifungulia ili sauti isitoke. "Kile kitu kinamtaka."

"Ukimwambia yeye, kesho ameandika kwenye simu, dunia nzima imesoma. Uraia wetu umesimama juu ya faili lile. Wanaturudisha." Nazaire alimshika mabega, kama enzi za kufanya mazoezi ya mahojiano. "Una watoto wangapi?"

"Nazaire, tafadhali."

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Anaitwa nani?"

"Keza."

"Basi," alisema, akafunga bomba.

Februari binti alianza kukonda. Alikuwa akiamka na udongo mwekundu chini ya kucha, na shuka zake zimelowa upande wa mgongo. Maneno yalimpotea, siku moja alishika kijiko akakitazama muda mrefu, akauliza kinaitwaje. Sabine aliogopa, na safari hii hakumuaga mumewe. Alipanda gari hadi mtaa wa Vickery Meadow kwa Apolonia, mjane wa Kirundi anayesafisha vyumba vya hoteli na ambaye watu humfuata wanapozidiwa na majini.

Apolonia alimsikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Treni ilipita nje, vikombe vikatetemeka.

"Mwanangu, anayepiga tope siyo Keza," alisema. "Keza alishakwenda kwa Mungu. Ulimwacha mtoto ardhini bila jina, na kuna jini limeliokota lile jina, likalivaa. Sasa limesikia mnamjengea Keza chumba. Limekuja kuhamia."

"Nifanye nini?"

"Mlilie marehemu. Kisha mwite huyu mzima jina lake, kwa mdomo wako, maana ni wewe uliyembadilishia. Yeye akishalijua jina lake, lile halina pa kumshika. Lakini ufanye kabla sakafu haijafungwa kwa vigae. Atakayekuwa chini siku ya kufunga, atabaki chini."

Vigae vilikuwa viwekwe Jumatatu. Jumamosi asubuhi mvua ya barafu ilikuwa inapiga madirisha mapya, barabara zimeganda, na watu watatu tu ndio waliokuwa ndani ya nyumba ile: Apolonia mlangoni na rozari yake, Sabine ukutani, na binti katikati ya chumba ameduwaa, amevaa koti la baba yake. Apolonia alinyunyiza chumvi akaanza kusali, na katika "Salamu Maria" ya tatu harufu ilipanda kutoka kwenye doa ikajaza chumba, nzito, ya udongo na ya jasho la homa na ya kanga iliyolowa mate, na chini ya zege kitu kilikuwa kimeacha kupiga na kimeanza kuuliza, kwa sauti ya mtoto mdogo lakini kwa mpangilio na upole wa ofisa wa mahojiano kule kambini, aliyekuwa akiuliza huku macho yake yako kwenye karatasi.

"Jina la mama?"

"Sabine," alijibu. Mgongo wake ulinyooka wenyewe.

"Una watoto wangapi?"

"Usijibu hayo!" Apolonia alifoka. "Lia! Mwite!"

Lakini miaka yote ile ya mazoezi ilikuwa ndani ya mdomo wa Sabine, na mdomo ulikwisha kufunguka. "Mmoja."

"Anaitwa nani?"

"Keza. Amezaliwa tarehe kumi na mbili Novemba, elfu mbili na tatu."

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa," Sabine alisema, akamsukuma binti mbele, kwa mkono uleule uliomsukuma siku ya kupanda ndege.

Binti alipiga magoti juu ya doa. Alitoa pumzi moja ndefu, na pale walipokuwa wakimtazama, zege likaanza kukauka kutoka kingoni kwenda katikati, likapauka, likawa sawa na sakafu nyingine. Alipoinua kichwa, macho yake yalimtafuta Sabine kwa kiu. "Mama," alisema, kwa Kiswahili cha Kasulu, cha mtoto anayejifunza kusema, "nataka uji."

Na chini yao, mbali, sauti ya msichana: "Mom? Mom, I can't see anything. Mom!"

"Mwite!" Apolonia alikuwa analia. "Bado muda upo! Sema Alida!" Sabine alipobaki anamtazama aliyeomba uji, bibi yule alijitupa sakafuni, akapaza sauti yeye mwenyewe: "Alida! Alida, njoo!"

"Who's Alida?" ilijibu sauti kutoka chini, kwa hofu. "I'm Keza. Mom, tell her. Mwambie mimi ni Keza."

Sabine alifungua kinywa. Lilikuwa neno moja tu. Lakini yule aliyevaa mwili wa binti alikuwa amejikokota hadi kwake, akamwekea kiganja shingoni, pale ambapo Keza wake alikuwa akikiweka alipokuwa ananyonya, na hakuna mtu mwingine duniani aliyepajua mahali pale. Alijua ni jini. Aliambiwa, na aliamini. Machozi ya miaka kumi na miwili yakamtoka yote kwa pamoja, akamkumbatia, na kinywa akakifunga.

Apolonia aliokota rozari yake akaondoka kwa miguu juu ya barafu. Nazaire alipoambiwa jioni kwamba mambo yamekwisha, alishukuru Mungu, na hakuuliza yamekwishaje.

Jumatatu Onyancha alikuja na ndoo za gundi ya vigae, akapapasa sakafu akafurahi. "Si nilikwambia? Imekauka poa kabisa." Kisha akatulia, mwiko mkononi, akainamisha sikio. "Mama Keza, ni kama kuna mtu anagonga huku chini. Tuanze na sebule kwanza, nicheki hii?"

Sabine aligeuza ndoo tupu akaikalia. Akampakata binti wa miaka kumi na mitano, akamfunika miguu, akamwambia Onyancha aanze na chumba hiki.