Ganda la Mkate wa Zabibu

Kitu cha kwanza Dervla alichokiona kwa yule kijana hakikuwa sura yake wala suti yake ya buluu. Zilikuwa zabibu. Mvua ilikuwa imewafukuza watu wa Barabara ya Patrick hadi mlangoni mwa soko, wamebanana na miavuli yao, naye alikuwa akila mkate huku akichomoa zabibu moja moja na kuziweka kiganjani.

"Kaka, hizo zabibu zimekukosea nini?" Dervla akauliza, kisha akashangaa kwamba amesema.

"Hazijanikosea. Nazimalizia mwisho." Akanyoosha kiganja. "Chukua. Moja tu, mrembo, usinifilisi."

Dervla akaitia mdomoni, na hapo hapo akaijua. Ilikuwa imelowekwa kwenye chai nzito, jikoni kwao, jana jioni.

"Humo ndani kuna Bi Assumpta," kijana akasema. "Bila mkate wake siamki Jumamosi. Mama yako naye anaoka?"

Mama yake alikuwa ndiye huyo Bi Assumpta, mwenye mikono myekundu na sauti ya kuita wateja mpaka ng'ambo ya mto. Lakini Dervla aliuza manukato katika duka kubwa lenye vioo, na hakutaka mtu ajue kwamba nyumbani kwao kunanuka maziwa ya mtindi.

"Mama yangu anafanya kazi benki," akasema.

Kijana aliitwa Fintan, wakili. Tangu siku hiyo simu haikutulia.

"Umenikumbuka, laazizi?"

"Kidogo."

"Kidogo kama zabibu, au kama mkate mzima?"

"Nenda kafanye kazi, wewe!" Na Dervla akacheka peke yake, kaunta nzima ikamgeukia.

Jumamosi moja Fintan akamshika mkono. "Leo lazima uonje." Kabla Dervla hajapata kisingizio, wakawa mbele ya meza ya mama yake. Dervla alikuwa amevaa koti lake jipya la rangi ya maziwa na skafu ya kijani. Mama alikuwa na aproni, nyusi zimejaa unga. Alipomwona mwanawe, uso ukachangamka, mdomo ukafunguka.

Dervla akatazama viatu vyake.

Mdomo ukafumbwa. "Karibuni," mama akasema taratibu. "Niwakatie mwonje?"

"Kata, Bi Assumpta, mpenzi wangu haamini maneno yangu!"

Alimkatia Fintan kipande cha katikati. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe, kama ulivyozoea tangu Dervla akiwa na meno ya utotoni: ukakata ncha ya mkate, ukaigeuza upande wa ganda, ukapaka siagi nene juu ya ganda lenyewe.

"Umejuaje kama anapenda ganda?" Fintan akacheka. "Mkahawani juzi alininyang'anya langu! Kwani mnafahamiana?"

Dervla akaanza kuirekebisha skafu yake.

"Hapana, bwana," mama akajibu haraka. "Watu wengi wanapenda ganda."

"Asante, bi," Dervla akasema.

Jioni, mama alisimama jikoni akichunga unga na magadi soda. Dervla alingoja atukanwe. Angefurahi kutukanwa.

"Kijana mzuri," mama akasema. "Anakula vizuri. Koti lako halikuchafuka? Nilijivuta nyuma kidogo, nisikupake unga."

Dervla akaingia chumbani, akaketi kitandani na koti lile mapajani. Simu ikaita, hakupokea. Wiki nzima hakupokea. Angemwambia nini Fintan?

Ijumaa akapokea.

"Dervla, kama umepata mwingine niambie, nilie vizuri yaishe."

"Sina mwingine."

"Basi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Njoo sokoni kesho."

Fintan alikuta foleni ndefu. Nyuma ya meza, amejifunga aproni, nywele zimeingia unga, Dervla alikuwa akichora msalaba kwa kisu juu ya donge bichi na kulitoboa pembe nne, liive mpaka ndani.

"Ala!" Fintan akasema, na ahueni ikamfanya acheke kwa sauti. "Kumbe huyo mwingine ni unga! Ungeniambia tu, mpenzi, ningekuja kuchanganya." Akatazama mezani. Kwenye sahani kulikuwa na ncha ya mkate, siagi imepakwa juu ya ganda. "Dervla, hapa unafanya nini?"

Mama akawahi. "Amekuja kunisaidia leo tu, bwana. Binti wa watu, ana huruma."

Bibi wa mbele kwenye foleni akashusha kikapu chake asikilize. Dervla akaona mama anajivuta nyuma tena, mikono kaificha ndani ya aproni. Akaifuata, akaitoa, akaishika yote miwili, na unga ukawajaa wote.

"Fintan," akasema, na sauti yake ikafika mpaka mwisho wa foleni, "huyu ni mama yangu."