Machozi ya Kitabuni

Kila alipotoka shule, Chiriku aliketi sakafuni karibu na cherehani ya mama yake, akiokota vipande vya nyuzi na kupiga soga. Jina hilo mama alimpa kwa sababu ya mdomo wake usiochoka. Lakini wiki ile, lo! Alitulia kama maji ya mtungini, kitabu mapajani.

Mwandishi wa kitabu hicho alisimulia utoto wake wa ufukara: jinsi alivyokuwa akisimama mlangoni kwa fundi, akilikodolea macho gauni asiloweza kulipata. Chiriku aliisoma sura hiyo tena na tena, huku machozi yakimtiririka.

"Masikini, mtoto wa watu! Mama, ningekuwepo ningempa gauni langu."

"Lipi? Labda hilo shati lako la kola iliyotoka nyuzi!" mama akamtania.

Chiriku hakucheka. Mama alishona sare za nusu ya shule, lakini wahenga walisema kweli, mfinyanzi hulia gaeni. "Nikimaliza kazi za wateja nitakugeuzia kola," mama alizoea kusema, yaani ataifumua, upande uliochakaa aufiche chini na ule mzima uje juu. Kazi za wateja hazikuisha. Chiriku alitamani mno shati jipya, lililoshonwa na mama akimfikiria yeye peke yake.

Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi shuleni, na Chiriku alikuwa amechaguliwa kuwasomea sura ile. Asubuhi hiyo, mama alipotoka kununua vifungo vya kazi nyingine, shati jipya lilikuwa limetundikwa ukutani. Lilikuwa la mjukuu wa bibi mmoja muuza mkaa, msichana wa rika lake aliyekuwa anahamia shuleni kwao. Walipokuja kupima, bibi huyo alisema wangelichukua Ijumaa mchana.

"Nitalirudisha kabla hawajaja," Chiriku alijiambia. Akalivaa, la kwake akalisokomeza mkobani.

Darasa lilijaa wazazi. Chiriku akasoma kwa sauti nzuri: "Nilisimama mlangoni, nikatazama, sikuthubutu kuingia..." Akainua macho. Mlangoni alisimama mjukuu wa muuza mkaa, amevaa blauzi ya nyumbani. Hamu ilikuwa imemshinda, akalifuata shati lake mapema, na hakulikuta. Nyuma yake alikuwa mama, aliyekisia lilikokwenda, uso umemshuka kwa aibu. Yule msichana alilitazama shati tu.

Chiriku akaacha kusoma. Angeweza kuendelea kusoma, na wazazi wasingejua lolote. Akafunga kitabu.

"Shati hili si langu," alisema. "Ni la yule aliye mlangoni. Nililichukua bila ruhusa. Nisamehe, dada."

Minong'ono ikazagaa. Chiriku akatoka, akabadilisha, akamkabidhi mwenyewe shati lake. Kisha akarudi na kola yake iliyochakaa, akasoma sura mpaka mwisho. Mjukuu wa muuza mkaa alimsikiliza akiwa kwenye kiti cha mbele, shati jipya mwilini.

Nyumbani, mama alimketisha Chiriku karibu na cherehani.

"Kumlilia mtoto wa kitabuni ni rahisi, mwanangu," alisema. "Hakudai chochote kwako. Huruma ya kweli hupimwa kwa mtu aliye mbele yako. Leo umekosa, lakini umesema kweli mbele za watu, na hilo si dogo."

"Nilitamani unishonee na mimi, mama," Chiriku akasema, akaangua kilio.

Mama akamtazama, machozi yakimlengalenga. "Mimi nawe tumekosa sawa. Nimekuwa nikiwapima watoto wa wenzangu kila siku, wangu yuko miguuni pangu nisimwone."

Akaziweka kando kazi za wateja, akachukua shati la Chiriku na wembe, akaanza kufumua kola.

"Haya, Chiriku wangu, nisomee. Leo sishoni cha mtu mwingine."