Kompyuta Iliyowaonea Haya Wageni

Mgeni njoo, mwenyeji aumbuke. Wahenga hawakusema hivyo, lakini wahenga hawakuwahi kuweka kompyuta sebuleni. Nyumbani kwa kina Mukami, nyuma ya soko la Kianjokoma, kila mgeni aliyebisha hodi aliingia na aibu yake mkononi.

Jioni, Mukami alirudi kutoka shuleni, akavua sweta ya shule na kuvaa nyingine nzito zaidi, maana Julai ukungu hushuka kutoka mlimani na kulala juu ya majani ya chai kama mwenye shamba. Alichota maji, akamenya nduma, kisha akaenda kusimama nyuma ya kiti cha kaka yake Muchangi, mikono mgongoni. Hiyo mikono mgongoni ilikuwa amri.

"Tazama kwa macho," Muchangi alikuwa amemwambia. "Vidole vyako vina njaa, navijua."

Kompyuta ile haikununuliwa nzima. Muchangi alisomea umeme katika chuo cha ufundi huko Nairobi, naye aliikusanya kipande baada ya kipande: sanduku la chuma kutoka ofisi iliyofungwa, skrini yenye mkwaruzo pembeni, kibodi iliyokosa herufi moja ambayo aliichora mwenyewe kwa kalamu. Siku alipoiwasha na maandishi yakatokea, nyumba nzima ilipiga makofi, na jirani mmoja akaja kuuliza ni nani aliyeoa.

Habari zilimfikia Mwalimu Ndwiga, mwalimu mkuu wa shule ya Mukami. Yeye alikuwa na chumba kitupu na ndoto kubwa. Akamwambia Muchangi kwamba kompyuta hiyo ikiweza kuchapa karatasi nzima ya mtihani wa darasa la nane mbele ya macho yake, kamati ya wazazi itampa kazi ya kuunda nyingine za shule na kuwafundisha wanafunzi. Ikishindwa, kazi itakwenda kwa fundi wa Embu mjini, na yule hakuwa na haraka ya kuja mwaka huo. Mukami alikuwa darasa la saba. Aliposikia maneno hayo alikula chakula cha jioni bila kujua anakula nini.

Mwalimu Ndwiga alikuja. Muchangi akaketi, akachapa maswali ya mwanzo kwa madaha, vidole vikicheza kama vya mpiga kinanda kanisani. Ghafla skrini ikawa nyeusi. Kompyuta ikalia mlio mfupi, ikaanza kuwaka upya kana kwamba ndiyo kwanza imeamka. Maswali yote yalikuwa yametoweka. Muchangi akacheka kicheko kikavu, akaanza tena. Ikajizima tena.

Mwalimu alipoondoka, Muchangi aliifungua. Aling'oa kadi za kumbukumbu na kuzirudisha, akakaza kila skrubu, akabadilisha waya wa umeme, akaazima kidhibiti umeme cha duka la jirani, yote kwa mkupuo mmoja. Jioni hiyo kompyuta ilifanya kazi bila kukohoa. Wiki nzima ikafanya kazi. Mwalimu akaitwa tena, akaja, akanywa chai, na kompyuta ikajizima mbele yake kama safari ya kwanza.

Sokoni watu walianza kusema kwamba mashine ya Muchangi huwaonea haya wageni. Wengine walisema imetupiwa jicho baya na mtu. Muchangi hakuamini hayo, lakini mtu aliyeaibika hutafuta wa kumbebesha mzigo, naye aliyekuwa karibu ni Mukami.

"Ni wewe," alimwambia. "Unaigusa nikiwa sipo."

Mukami alikana. Muchangi hakumsikiliza. Kuanzia siku hiyo akamkataza hata kusimama nyuma ya kiti.

Mukami alilia kidogo jikoni, kisha akachoka kulia, akaanza kuwaza. Kama yeye ndiye aliyeiharibu, mbona siku za kawaida ilikuwa nzima? Aliyeharibu kitu hakiharibu kwa ratiba ya wageni. Basi akajiuliza swali moja tu: wageni wakija, ni nini hubadilika katika nyumba hii?

Chai huchemshwa. Nduma huletwa. Watu huwa wengi. Na mama hupamba.

Mama yao, Marcella, alikuwa fundi wa vitambaa asiye na mpinzani katika kikundi chao cha akina mama. Viti vilivaa vitambaa. Redio ilivaa. Chupa ya chai ilikuwa na sketi. Kompyuta ilipoingia nyumbani, Marcella aliishonea vazi la kitambaa kizito chenye bitana ndani na maua mekundu yaliyotariziwa, likaifunika juu, ubavuni na nyuma mpaka mezani, likaacha uso tu. Vazi hilo halikuwa la kila siku. Lilitoka kabatini mgeni akitarajiwa, na mgeni akishaaga lilipigwa pasi na kurudi kabatini. Marcella alisema mashine nayo huhisi baridi, na isitoshe haiwezi kumpokea mwalimu mkuu ikiwa uchi.

Siku ya soko, Marcella alipokwenda kuuza kabichi naye Muchangi ameiacha kompyuta ikiwaka na kwenda kutafuta waya, Mukami alifungua kabati. Hakuigusa kompyuta. Aligusa kitambaa, na kitambaa hakikuwa kimekatazwa. Akaivisha vizuri kama mama, akaketi kwenye kochi akangoja. Mwanzoni hakikutokea kitu. Kisha skrini ikawa nyeusi, mlio ukasikika. Akaivua, hewa ya moto ya feni ikampiga mikononi kutoka nyuma ya mashine; akaiacha ipoe, akangoja muda mrefu kuliko ule wa kwanza. Ilitulia. Akaivisha tena. Ikajizima tena. Mukami alicheza ngoma peke yake sebuleni, bila sauti, ili jirani asije kuuliza nani ameoa.

Muchangi aliporudi alimweleza kila kitu, hata lile la kabati. Kaka mtu akaangua kicheko.

"Joto? Hapa Kianjokoma? Watu wanalala na soksi, wewe unaniambia joto?"

Mukami akamweleza mama yake. Marcella akamjibu kwamba yeye ametarizi tangu kabla Mukami hajazaliwa, na hakuna maua yake yaliyowahi kuzima kitu. Mazungumzo yakaishia hapo.

Jumamosi Mwalimu Ndwiga alikuja kwa mara ya mwisho, akifuatana na Bi. Virginia, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mama mnene asiyependa kupotezewa muda. Kompyuta iliwapokea ikiwa imevaa, chombo cha maua ya plastiki juu ya kichwa. Mukami alisimama mlangoni na sahani ya nduma. Muchangi alichapa. Swali la kwanza, la pili, ukurasa ukajaa, akaanza mwingine. Bi. Virginia akaanza kutabasamu.

Skrini ikawa nyeusi.

Muchangi alifunika uso kwa viganja. Kisha akanyoosha kidole mlangoni. "Ni huyu mtoto. Amekuwa akiichezea."

Bi. Virginia alikuwa tayari ameshika mkoba wake. Mukami aliona chumba kile kitupu cha shule kikifungwa kwa kufuli. Akaweka sahani mezani.

"Mwalimu," alisema, "kabla hujaondoka, ingiza mkono wako hapa nyuma, chini ya kitambaa."

Mama yake alimtazama kwa jicho ambalo kila mtoto wa Kianjokoma analijua. Lakini Mwalimu alishaingiza mkono, naye akauondoa upesi, akaupuliza. Akasema pale nyuma pana joto la kikaango cha chapati.

"Ndipo feni inapotolea joto nje," Mukami alisema. "Tukiivisha, linarudi ndani. Mashine inajizima isiungue. Wageni wakiondoka, mama anaivua, inapona. Ndiyo maana kaka hajawahi kuikuta ikiumwa."

Marcella aliinuka polepole, akaondoa chombo cha maua, akalivua lile vazi, akalikunja na kuliweka begani kama mtu aliyebeba mtoto.

Waliiacha ipoe huku wakinywa chai, Mwalimu akiwauliza Muchangi na Mukami kila mmoja alijaribu nini. Kisha Muchangi akachapa tena tangu swali la kwanza, kwa vidole visivyo na madaha safari hii. Ukurasa wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Bi. Virginia alisahau nduma mkononi. Muchangi alipofika swali la mwisho na kuhifadhi kazi kwenye disketi, hakuna aliyethubutu kupumua kwa nguvu.

"Bado," Mwalimu Ndwiga alisema. "Huenda ni bahati. Mama Muchangi, ivishe tena."

Marcella aliivisha kwa furaha isiyofichika. Watu wazima watatu, kijana mmoja na msichana mmoja waliizunguka kompyuta, na kwa mara ya kwanza tangu iundwe, wote isipokuwa mmoja waliiombea ijizime. Ilikawia. Marcella alianza kutabasamu. Skrini ikawa nyeusi, mlio ukalia, na sebule ikalipuka kwa shangwe kama uwanja wa mpira baada ya bao. Bi. Virginia alimkumbatia Mukami mpaka sweta ikapinda.

Kelele zilipotulia, Muchangi alimgeukia dada yake. "Nilikusingizia, tena mbele ya watu. Nisamehe, Mukami." Akavuta kiti chake, akampa aketi.

Mwalimu Ndwiga alimwambia Muchangi kwamba kazi ya shule ni yake, kisha akaongeza neno.

"Kusingizia hakugharimu kitu, ndiyo maana watu wengi hukimbilia huko. Kupima ni kazi. Wewe ulibadilisha vitu vingi kwa mkupuo, hukujua kipi kilifanya nini. Huyu alibadilisha kimoja, akangoja, akarudia. Halafu akausema ukweli, hata ulipomgusa mama yake. Nyote wawili mtakuja shuleni kufundisha hivyo, kabla ya kufundisha kompyuta."

Muchangi akacheka, akasema basi sasa imebaki zamu ya mama kumwomba Mukami msamaha. Macho yote yakamgeukia Marcella, aliyekuwa akilitoa vazi lake na kulikagua kama limeungua.

"Nimwombe msamaha nani?" aliuliza. "Mtoto amesema kweli, nimekubali, na nitakata dirisha hapa nyuma ili mashine ipumue. Lakini kupokea wageni kwa nyumba iliyovaa si kosa. Siombi msamaha."