Mageti Kwenye Njia ya Baiskeli

Fundi huyu watu walimwita Cheche. Jina alilipata kwa kazi yake ya kuchomelea vyuma. Kila aliyekuja karakana alimkuta ameinama, miwani nyeusi usoni, cheche zikirukaruka miguuni pake. Alitengeneza mageti, grili za madirisha na vitanda vya chuma.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara kubwa. Chumba kilikuwa kidogo, na geti si kitu cha kukunja ukaweka mfukoni. Kwa hiyo kila asubuhi Cheche aliyatoa mageti yake nje, akayasimamisha mahali ambapo kila mpita njia angeyaona. Aliyasimamisha kwenye njia ya baiskeli.

Njia yenyewe ilikuwa mstari wa rangi nyeupe tu. Watu wa manispaa waliuchora pembeni mwa lami, wakaenda zao. Wenye maduka waliitazama rangi ile, wakafurahi.

"Tumeongezewa baraza," walitaniana.

Mwenye duka la vipuri aliegesha gari lake humo. Karibu na njia panda, Fundi Makochi alipanga makochi yake mapya humo humo. Waliokuwa na baiskeli walipita katikati ya magari, kila mtu na Mungu wake.

Mke wa Cheche alifanya kazi hospitalini, katika chumba cha kufulia. Alifua mashuka ya wagonjwa, akayapiga pasi, akayakunja. Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji. Basi lingeweza kufika upesi, lakini foleni haikuliachia. Mama huyu aliondoka nyumbani watoto wakiwa bado wamelala, na bado alichelewa. Msimamizi wake alimvumilia mwanzoni. Baadaye alimwita pembeni.

"Dada, naijua foleni. Na mimi napita humo humo. Lakini wagonjwa hawalalii foleni, wanalalia mashuka. Ukichelewa tena, nitatafuta mtu mwingine."

Jioni ile mama alimweleza mumewe. Hakulia. Alikaa tu kitandani, viatu bado miguuni.

"Kazi inaniponyoka, baba watoto," alisema. "Na sijakosa lolote."

Cheche hakuwa mtu wa maneno mengi ya kubembeleza. Alikwenda kwa muuza vyuma chakavu, akapata baiskeli kuukuu. Akainyoosha, akaichomelea kiti cha nyuma, akaipaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye geti la mteja. Mke wake alipoiona alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Nitaonekana kama geti linalotembea."

Lakini aliipanda. Akawa anafika kazini mapema kuliko hata msimamizi. Jioni alirudi angali na nguvu za kuzungumza na watoto. Nyumba ilichangamka.

Kila asubuhi alipita mbele ya karakana. Mageti yalikuwa yamemzibia njia, naye hakukosa la kusema.

"Baba watoto, umenifungia. Nipitie wapi?"

"Zunguka, mama. Barabara yote ile pana."

Alizunguka. Walicheka, akaenda.

Asubuhi moja aliyazunguka mageti kama kawaida, akaenda hadi karibu na njia panda. Pale makochi ya Fundi Makochi yalikuwa yamejaa njia nzima. Akatoka tena kuingia barabarani. Nyuma yake lilikuja lori la mchanga. Dereva alisema baadaye kwamba hakumwona mpaka alipotokea mbele ya taa. Watu wengi walikuwepo, na wote walisema dereva hakudanganya.

Kijana wa duka la vipuri ndiye aliyekuja mbio karakana. Cheche alifika na miwani yake bado kichwani. Alimkuta mkewe amelala pembeni mwa lami, kichwa juu ya mto wa kochi. Fundi Makochi ndiye aliyemwekea mto ule. Mguu wa kulia haukutazamika.

Wakamkimbiza hospitali ile ile aliyofanyia kazi. Madaktari walijitahidi, lakini mfupa ulikuwa umesagika. Wakaukata mguu chini ya goti. Alipozinduka, alipapasa kitanda polepole.

"Mashuka haya nimeyafua mimi," alisema. Kisha akageukia ukutani.

Ndugu na majirani walikuja kumwona. Walisema yale wanayosema watu. Ajali haina kinga. Imeshatokea. Mshukuru Mungu uhai upo. Cheche aliitikia yote, "Kweli, kweli." Lakini moyoni hasira ilikuwa inachemka. Siku moja alitoka hospitalini, akaenda moja kwa moja kwa Fundi Makochi.

Alimkuta anapigilia misumari kwenye kiti. Makochi yote yalikuwa ndani.

"Sasa ndiyo umeyaingiza," Cheche alisema. "Mke wangu ameshapoteza mguu, ndiyo umepata nafasi ndani."

Fundi Makochi aliweka nyundo chini. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi kidogo.

"Unayosema ni haki yako. Tangu siku ile silali vizuri. Ukitaka kunipiga, nipige."

"Uliziba njia ya watu."

"Niliziba. Lakini ngoja nikuulize, Cheche, usinione mbaya. Asubuhi ile, kabla hajafika kwangu, alipita kwako. Alipita moja kwa moja, au alizunguka?"

Cheche aligeuka, akatazama barabara upande wa karakana yake.

"Lori lingeweza kumkuta kwako," Fundi Makochi alisema taratibu. "Limemkuta kwangu. Ndiyo tofauti yetu hiyo tu."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Cheche aliuona uchungu wake siku ile. Alirudi karakana, akayaingiza mageti ndani, moja baada ya jingine. Yalijaza chumba mpaka mlangoni. Akakaa chini katikati yake na hakufanya kazi tena siku ile. Sauti yake mwenyewe ilikuwa inamrudia masikioni: Zunguka, mama. Barabara yote ile pana.

Mama alirudi nyumbani na magongo mawili. Hakutaka kutoka. Kazi ya kufulia ni kazi ya kusimama, na nafasi yake ilishapewa mtu mwingine. Alikaa dirishani, akiwa hatazami kitu. Watoto walijifunza kunyamaza. Chakula alichopikiwa alikionja, akakisukuma.

Wakati huo alikuja mhandisi wa barabara kutoka manispaa, mwanamke mwenye kofia ya plastiki na futi ya kupimia. Alipima upana wa barabara mbele ya karakana. Cheche alimshikia ncha ya futi, kisha akamuuliza.

"Mtapanua barabara?"

"Hapana, kaka. Iliwahi kupanuliwa. Hukumbuki, palikuwa na miti hapa?"

"Nakumbuka. Foleni iliisha."

"Iliisha kwa muda gani?"

Cheche alifikiri. "Muda mfupi tu. Ikarudi, tena mbaya zaidi."

"Ndivyo inavyokuwa. Ukipanua barabara, waliokuwa wanaacha magari nyumbani wanayatoa. Hebu tazama foleni hii. Katika kila gari dogo kuna watu wangapi?"

Cheche alitazama. "Mmoja. Lile pale wawili."

"Na basi lile kule nyuma?"

"Limejaa."

"Basi moja limebeba watu kuliko magari yote haya mbele yake. Lakini linasubiri kama wao. Tukilipa njia yake peke yake, gari dogo lisiingie, litapita. Likipita, hata mwenye gari atatamani kulipanda. Na baiskeli nayo tuipe njia yake, yenye ukingo wa zege. Ukingo unazuia gari kuingia. Rangi haimzuii mtu."

"Haikunizuia mimi," Cheche alisema.

Mhandisi alimtazama. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka.

"Najua. Nilishapita hapa nikakueleza habari ya mageti yako. Ukaniuliza nataka geti la rangi gani."

Cheche aliinamisha kichwa. Hakumkumbuka kabisa.

"Sasa mbona hamjaujenga huo ukingo?" aliuliza.

"Nimeuomba mara nyingi. Wakubwa wananiambia hakuna watu wa baiskeli hapa. Ni kama kufunga duka, halafu useme mtaa huu hauna wateja. Na wenye maduka nao wanakataa. Kuna mkutano wa mtaa unakuja. Mkinikataa tena, fedha zitakwenda kwingine."

Alikunja futi yake. "Sikudanganyi, kaka. Sina matumaini makubwa."

Cheche alikwenda nyumbani na maneno yale. Mke wake alikuwa dirishani. Alimsogelea, akachuchumaa karibu na kiti chake.

"Mama watoto, nina jambo. Mageti yangu..."

"Najua," mkewe alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nayazunguka."

"Nisamehe."

Mkewe aliyavuta magongo karibu.

"Usiniombe msamaha sasa. Sina nguvu ya kuubeba. Nguvu zote zinaishia kwenye magongo haya."

Cheche alimweleza habari za mkutano. Alidhani hasikilizi. Lakini alipomaliza, mkewe aligeuka.

"Nenda."

"Niseme nini mbele za watu?"

"Sema ulichofanya. Wasikuambie ajali haina kinga. Yangu ilikuwa na kinga. Mliigeuza baraza."

Mkutanoni, mwenye duka la vipuri ndiye aliyeanza. "Wateja wangu wanakuja na magari. Wakikosa pa kuegesha, nitauza nini? Baiskeli ni ya mtu asiye na uwezo. Leo anayo, kesho akipata anaiacha."

Wengi walipiga makofi. Mhandisi alieleza kwamba magari yataegeshwa nyuma ya maduka, na kwamba watu wa basi na wa miguu nao hununua. Hawakumsikiliza sana.

Cheche alisimama.

"Mnamjua mke wangu," alisema. "Kila asubuhi aliniuliza apitie wapi. Nilimwambia azunguke. Mimi, mumewe. Kama mimi nilimzibia njia mke wangu, nani mwingine atamwachia? Basi mimi mageti yangu nimeyaondoa. Wateja wamepungua, sitawaficha. Lakini siyarudishi."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Fundi Makochi aliinuka, akasema, "Na mimi siyarudishi," akakaa. Watu walitazamana. Walipoulizwa nani anaukubali ukingo, mikono ilipanda mmoja mmoja, kwa shingo upande. Mkono wa mwenye duka la vipuri haukupanda. Lakini iliyopanda ilitosha.

Ujenzi ulichukua muda mrefu, kwa vumbi na matusi mengi. Manispaa haikutengeneza barabara yote. Ilitengeneza kipande kimoja, kuanzia karakana, kupita njia panda, hadi hospitali. Basi likapata njia yake. Baiskeli zikapata njia yenye ukingo wa zege. Kituo cha basi kikainuliwa kwa zege, kikalingana na sakafu ya basi, na njia ya baiskeli ikapita nyuma yake, ili anayeshuka na anayeendesha wasigongane.

Wiki za kwanza njia ya baiskeli ilikuwa tupu. Mwenye duka la vipuri alisimama mlangoni akicheka. Kisha alipita mwashi na ndoo yake. Wakapita wanafunzi. Akapita mzee na kuku watatu. Polepole ikawa haikauki watu. Basi nalo likawa linaipita foleni, na wenye magari wanalitazama linavyokwenda. Ajali nyingine haikutokea kwenye kipande kile. Ukishapita hospitali, ukingo unaishia, rangi inaanza tena, na watu bado wanaumia huko. Mhandisi bado anaomba.

Cheche alining'iniza mageti ukutani, juu kabisa. Wateja baadhi walirudi, baadhi hawakurudi. Nyumbani mambo hayakuwa kama zamani. Mke wake alizungumza, lakini kwa maneno machache. Hakuwahi kumwambia kwamba amemsamehe, naye Cheche hakuuliza tena.

Ikafika siku ya mama kwenda hospitali kupimwa mguu wa bandia. Kabla kituo hakijainuliwa, kumpandisha kwenye basi kulihitaji wanaume wawili wa kumbeba, na hilo alilichukia kuliko maumivu. Cheche alimsindikiza hadi kituoni. Basi lilikuja, likasimama sambamba na zege. Mama aliweka gongo moja ndani, kisha la pili. Akaingia mwenyewe. Hakuna aliyemshika.

"Nije nawe?" Cheche aliuliza.

"Kufanya nini? Rudi kazini."

Alikaa kwenye kiti cha mbele. Basi liliondoka, likaipita foleni yote, likapotea kwenye njia panda. Cheche alibaki akilitazama. Alirudi nyuma hatua chache bila kuangalia, akaingia kwenye njia ya baiskeli.

Kengele ililia nyuma yake.

"Baba, njia," alisema mwanamke mmoja. Alikuwa kwenye baiskeli, amembeba mtoto nyuma.

Cheche aliruka pembeni. "Samahani, dada. Pita."

Mwanamke yule hakumtazama. Hakumjua, wala hakujua kilichotokea kwenye njia ile. Alipita tu moja kwa moja, akaenda zake.